Kupanga vipindi vya Kiingereza, Gredi ya 4 hadi ya 6: maswali ambayo walimu wa Mombasa huuliza kila muhula

Kila muhula tunapokea walimu wa mazoezi, na kila muhula maswali ni yale yale. Huulizwa kwenye chumba cha walimu, huulizwa tukingoja feri Likoni, huulizwa usiku kwa simu mtu akiwa na andalio jeupe mbele yake. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu wao, kutokana na kufundisha gredi hizi katika shule za umma za hapa Mombasa. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, nitakuelekeza lilipo.

## Makaratasi

Azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi vina tofauti gani?

Azimio ni la muhula mzima: wiki hii mada hii, wiki ile mada ile. Andalio ni la kipindi kimoja. Rekodi ni yale yaliyofanyika kweli, na huandikwa baada ya kufundisha.

Kosa la wengi ni kunakili azimio ndani ya rekodi. Rekodi inayosema kila wiki mambo yalikwenda sawasawa na azimio haimdanganyi mtu. Andika kwamba kipindi cha Jumatano kililiwa na mazoezi ya michezo, au kwamba nusu ya darasa haikushika. Muhula ujao wewe mwenyewe ndiye utakayeyahitaji maneno hayo.

Nianzie wapi, kitabu cha mwanafunzi au mwongozo wa mtaala?

Mwongozo wa KICD, yaani taasisi ya kitaifa inayotunga mtaala. Kila gredi ina wake, na humo utakuta mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, swali dadisi, shughuli za kujifunza na namna ya kupima. Kitabu ni nyenzo. Kina mazoezi mengi kuliko muda ulio nao, na mwalimu anayekifuata ukurasa kwa ukurasa hufika wiki ya kumi akikimbizana na mada zilizobaki.

Soma matokeo kwanza, kisha fungua kitabu utafute zoezi moja au mawili yanayoyafikia. Mengine yaache, hayatakulilia.

Kwa wiki nina vipindi vingapi, na nivigawe vipi?

Katika mpangilio wa sasa Kiingereza kina vipindi vitano kwa wiki, cha dakika 35 kila kimoja. Mimi hutoa kimoja kwa kusikiliza na kuzungumza, viwili kwa kusoma, kimoja kwa sarufi na kimoja kwa kuandika. Kusoma nimekupa viwili kwa makusudi. Sababu iko kwenye sehemu ya kusoma. Kama ratiba yako ina vipindi viwili vinavyofuatana, viweke kwa uandishi, maana insha haiandikiki na kusahihishwa ndani ya dakika 35.

Lazima niandike andalio la kila kipindi?

Ukiwa mwalimu wa mazoezi, ndiyo, na hakuna njia ya mkato. Ukishaajiriwa andalio litakuwa fupi, lakini lisipotee.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika andalio la kurasa mbili kwa wino wa rangi mbili, kwa sababu tulikuwa tunamtarajia mgeni wa kukagua. Nilipanga sarufi, ufahamu na wimbo. Kengele ilipolia nilikuwa bado kwenye sarufi, na watoto hawakuandika hata sentensi moja. Mgeni mwenyewe hakuja. Tangu siku hiyo andalio langu huanza na mstari mmoja: kengele ikilia, mtoto ataweza kufanya nini ambacho leo asubuhi hakuweza? Nikishindwa kuujaza mstari huo, sina somo.

Je, nikinakili maandalio ya mtandaoni?

Nakili umbo, usinakili mifano. Nimeona andalio la Gredi ya 4 likiwataka watoto wa Kisauni waeleze jinsi theluji inavyoanguka.

## Ndani ya dakika 35

Lengo moja kwa kipindi si dogo mno?

Toa dakika za kutulia, kugawa vitabu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, utabaki na kama 28. Darasa lina watoto 60. Lengo moja ni kazi ya kutosha.

Nionyeshe kipindi kimoja kilivyokwenda.

Chukua "borrow" na "lend". Maneno haya huwasumbua watoto wetu mpaka sekondari, na sababu ni nyepesi: sisi tuna neno moja, kuazima. "Niazime rula" na "nimeazima rula kwa Mwanaisha" kwetu ni kitenzi kile kile, na msikilizaji anajua rula imetoka wapi na kwenda wapi. Kiingereza kinataka ulitaje hilo kwa kitenzi.

Kwa hiyo sikuanza na ubao. Niliwasimamisha watoto wawili mbele, mmoja na rula, mwingine mkono mtupu. Rula ikapita. Nikauliza: "Whose ruler is it?" Kisha: "Who has it now?" Rula ikarudi, ikapita tena. Kwa mara ya kwanza nikasema: "Ali lends. Asha borrows." Nikachora ubaoni mikono miwili na mshale mmoja kati yake, "lend" kwenye mkono unaotoa, "borrow" kwenye unaopokea. Hapo zilikuwa zimekwenda dakika nane.

Kisha wawili wawili kwenye madawati, kila mtoto aseme sentensi mbili akitoa na akipokea kitu cha kweli: kifutio, kalamu, hata ndala moja ya mguu. Kelele zilikuwa za soko la Kongowea na sikuzizuia. Mimi nilipita katikati nikisikiliza jambo moja tu, nani anasema "borrow me". Waliposhika, wakaandika sentensi tatu daftarini, na nikasahihisha za safu mbili papo hapo. Zilizobaki nilichukua.

Dakika mbili za mwisho nilimwita mtoto aliyekuwa kimya, nikamnyooshea chaki. Akafikiri. "Lend me the chalk, teacher." Kipindi kikawa kimekwisha.

Nyenzo zangu ni ubao na chaki tu. Inatosha?

Somo la juu lilitumia rula. Ukipata karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, vyema. Vifuniko vya chupa vyenye herufi hutengeneza maneno kwa miaka. Vibandiko vya bidhaa, tiketi za basi, matangazo ya kivukoni na bei za dukani ni maandishi ya bure, na mengi yameandikwa kwa lugha mbili.

## Kiswahili na Kiingereza darasani

Nitumie Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza?

Kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na somo lako ndilo linalotarajiwa kuonyesha njia. Hivyo maagizo, salamu, sifa na makaripio yawe kwa Kiingereza, kila siku kwa maneno yale yale mpaka yazoeleke.

Lakini mtoto wa Mombasa hakuja na kichwa kitupu. Wengi wao nyumbani ni Kiswahili, cha Kimvita au kilichochanganyika na Kigiriama na Kidigo, na sarufi yake wameimiliki. Kuitumia sarufi hiyo kama ngazi si dhambi. Sentensi moja ya Kiswahili inayofungua fundo la dakika kumi ni biashara nzuri. Ninachokataa ni mazoea ya kusema kwa Kiingereza kisha kutafsiri kila neno, maana mtoto huacha kusikiliza nusu ya kwanza.

Makosa gani hasa hutoka kwenye Kiswahili?

Yafuatayo yatakujia muhula wa kwanza, kwa hiyo yapangie mapema.

"Yeye" haina mume wala mke. Mtoto anaandika "My mother is a tailor. He works in Majengo." Anamjua mamake vizuri sana, lugha yake haijawahi kumdai taarifa hiyo kwenye kiwakilishi. Mazoezi ya kuigiza familia husaidia kuliko kanuni.

Saa. Alfajiri yetu ni saa kumi na moja, ya Kiingereza ni "five o'clock". Kila mwaka napata insha inayosema "I wake up at twelve o'clock and go to school". Mtoto huyo ameamka saa kumi na mbili asubuhi, kama mtoto mwema. Chora saa mbili ubaoni, mfundishe kusogea saa sita, kisha mwache ataje ratiba yake mwenyewe.

Taa tunaifunga na kuifungua, basi ndiyo "close the light". Picha tunaipiga, basi "beat a photo". Chakula kizuri ni kitamu na sukari ni tamu, kwa hiyo pilau inakuwa "very sweet". Kidole ni cha mkono na cha mguu. Na "-ni" ya nyumbani, mezani na shuleni inafanya kazi ya "in", "on" na "at" zote, ndiyo maana vihusishi hivi havishikiki kwa kukaririshwa. Vinataka kuonyeshwa kwa vitu.

Mengine hutusaidia. Kauli ya kutendwa mtoto anayo tayari: jenga, jengwa, teka, tekwa. Nikifika hapo naandika kifungu kifupi kuhusu Fort Jesus: "It was built by the Portuguese from 1593. It was captured by the Omanis in 1698. It was used as a prison under the British." Nawaambia wakiweke kwa Kiswahili kwa mdomo: ilijengwa, ilitekwa, ilitumiwa. Wanaiona "w" ikijitokeza kila mara, kisha nawauliza Kiingereza kimeificha wapi hiyo "w". Wanaitafuta na wanaipata kwenye maneno mawili.

Na matamshi?

Hapa watoto wa pwani wana mali ambayo hatuitumii. Sauti ya mwanzo wa "think" iko kwenye thamani na thelathini. Ya "this" iko kwenye dhahabu na dhiki. Anzia hapo.

Taabu iko kwenye irabu. Kiswahili kina tano, Kiingereza kina nyingi mno, kwa hiyo "ship" na "sheep" zinakuwa moja, na "bad", "bud" na "bird" zinakaa chumba kimoja. Fundisha jozi moja kwa wiki, kwa kusikiliza kwanza: unatamka, wanainua mkono wa kulia au wa kushoto. Asiyesikia tofauti hawezi kuitamka. Usidai lafudhi ya London, dai kueleweka.

Diski, kile kibao anachovikwa mtoto aliyesikika akizungumza Kiswahili, tuitumie?

Hapana. Mtoto anayevikwa diski hujifunza jambo moja, kunyamaza. Nawe ulikuwa unataka aseme.

## Kusoma

Gredi ya 5 nina watoto wasioweza kusoma. Nifanye nini?

Hili ndilo swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote, na jibu la kwanza si kuwarudisha kwenye kitabu cha Gredi ya 2. Kwanza jua ugonjwa.

Mpe mtoto aya fupi ya Kiswahili, mkiwa wawili tu, mbali na wenzake. Akiisoma bila kukwama, basi kusoma anajua. Tatizo lake ni tahajia ya Kiingereza. Kwa Kiswahili herufi husema kila mara kile inachosema, naye amebeba imani hiyo: "make" anaisoma ma-ke, "come" anaisoma ko-me. Huyu hahitaji a-e-i-o-u. Anahitaji makundi ya maneno yanayofanana, "make, take, lake", kisha "name, same, game", na maelezo kwamba "e" ya mwisho iko pale kwa kazi lakini haisemi. Wiki sita za dakika kumi kila siku hubadilisha mengi.

Akikwama kwenye Kiswahili pia, basi ni kusoma kwenyewe. Huyu aanze na silabi, na aanze kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, hata kama wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Zungumza na mwenzako wa Kiswahili mgawane kazi. Kama hata hapo hakuna dalili baada ya muhula, mwone mwalimu wa elimu maalumu, na kabla ya hapo hakikisha anaona ubao. Nimewahi kumhangaikia mtoto miezi miwili kumbe dawa ilikuwa miwani.

Ndiyo sababu ya vipindi viwili vya kusoma kwa wiki. Kimoja ni cha ufahamu kwa darasa lote. Cha pili nawagawa kwa kiwango: wanaosoma vizuri wanasoma kimya hadithi na kuandika sentensi mbili, na mimi nakaa na kundi dogo kwenye pembe.

Vitabu havitoshi, kimoja kwa watoto watatu.

Andika kifungu ubaoni kabla ya kipindi. Mistari minane inatosha. Aliye katikati ya kitabu ashike yeye, wa pembeni wafuate kwa kidole, na zamu zibadilike kila aya.

Nifundishe maneno mapya mangapi kabla ya kusoma?

Matano. Mengine wayakisie kutoka kwenye kifungu, hiyo nayo ni stadi.

Kusoma kwa sauti darasa zima pamoja kuna faida?

Mara moja, ili kusikia mdundo wa sentensi. Zaidi ya hapo ni kwaya, na wasiojua husogeza midomo tu.

## Kuandika na kusahihisha

Insha zao ni fupi na zinafanana. Kwa nini?

Kwa sababu tumewapa kichwa tukawapa kisogo. "My Best Friend" inaleta "My best friend is tall and brown" mara sitini. Kabla ya kalamu, watoto wazungumze. Nikitaka maelezo ya kitu, naleta kitu. Muhula uliopita nilileta viazi karai kwenye gazeti, vya moto bado. Tukakusanya maneno ubaoni: rangi ya bizari, mlio wa ganda likivunjika, ukwaju unaotiririka mpaka kwenye kiwiko. Mtoto mmoja akaandika "The potato is wearing a yellow coat". Nilimwomba aisome mara mbili. (Viazi vililiwa baada ya sentensi ya mwisho, siyo kabla, jifunze kutoka kwangu.)

Nisahihishe kila kosa?

Hapana. Daftari lenye wino mwekundu kila mstari halisomwi na mtoto, hufungwa. Chagua jambo moja ulilolifundisha wiki hiyo, mathalani wakati uliopita, usahihishe hilo tu, na waambie mapema. Makosa mengine unayoyaona mara nyingi yaandike kwenye kijitabu chako; hayo ndiyo sarufi ya wiki ijayo.

Daftari 60 nitazimaliza lini?

Hutazimaliza zote. Safu mbili kwa siku, zinazunguka. Na wafundishe kusahihishana kwa orodha ya mambo matatu: herufi kubwa, nukta, kitenzi.

## Upimaji

KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa shule za msingi, inanihusu vipi nikiwa na Gredi ya 4?

Inakuhusu tangu sasa. Mtihani huo ulifanywa mara ya kwanza mwaka wa 2022 mwisho wa Gredi ya 6, lakini mpango wake ulikuwa asilimia 60 itoke kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, na asilimia 40 kwenye mtihani wenyewe. Basi alama unazoweka leo zina uzito. Usizipike.

Ngazi nne za tathmini nizijazeje bila kubahatisha?

Kuzidisha, kufikia, kukaribia na kuwa mbali na matarajio. Kabla ya kazi andika kila ngazi inaonekanaje kwa lengo hilo moja. Kwenye "borrow" na "lend": anayefikia hutumia vyote viwili sawasawa, anayekaribia hupatia kimoja, aliye mbali anataka kusaidiwa hata kwa rula mkononi, anayezidisha anatunga hali yake mwenyewe, akaeleza na kurudisha kitu. Ukishaandika hivyo, kujaza ni dakika chache.

Maswali ya kuchagua jibu yanatosha kwa mazoezi?

Kwa sarufi na ufahamu, kwa kiasi. Hakuna mtoto aliyejifunza kuandika kwa kuchora duara.

## Hali zetu za hapa

Ramadhani nipangeje?

Wengi wa rika hili hujaribu kufunga, wengine siku nzima, wengine mpaka adhuhuri. Kusoma kwa sauti na kuigiza kuwe asubuhi, koo likiwa bado na maji. Mchana kuwe na kusikiliza hadithi na kuandika kidogo. Somo la vyakula lisogeze, usilipangie mwezi huo. Jioni wengine wana madrasa, kwa hiyo kazi ya nyumbani iwe ya dakika kumi, na hilo si kwa Ramadhani peke yake.

Mvua ikipiga bati?

Masika ikianza, kipindi cha kusikiliza kimekwisha, hata upige kelele. Weka akiba kwenye kila andalio la Aprili na Mei: zoezi la kimya la kuandika au kusoma. Na siku ya mafuriko nusu ya darasa haitafika; usifundishe jambo jipya, rudia.

Nina mtoto aliyehamia kutoka shule ya binafsi, Kiingereza chake kinanizidi.

Mpe kazi ya juu zaidi kwenye mada ile ile: badala ya kujibu maswali, atunge maswali. Asiwe msaidizi wako wa kila siku, naye amekuja kujifunza. Huenda Kiswahili chake ndicho kimelala. Mwambie jirani yake amsaidie huko, wawe sawa.

Mzazi ananiambia hajui Kiingereza, atamsaidiaje mwanawe?

Mwambie: "Mama, kila usiku mwambie akusomee, kisha akueleze kwa Kiswahili amesoma nini." Mtoto akiweza kueleza, ameelewa. Mama huyo amefanya ufahamu bila kushika kitabu cha mwalimu. Nina mzazi mmoja wa Jomvu, muuza mahamri, anayemsikiliza mwanawe alfajiri akikanda unga. Mtoto akinyamaza katikati ya sentensi humwambia, "Endelea, hujafika nukta." Namna alivyoijua nukta sijamuuliza.